Aliacha Lini Kutembea?

Swali lake halikuwa kwenye fomu. Fomu ya serikali ilitaka jina la marehemu, umri, mahali alipofia na kilichomuua, basi. Mtu akifia nyumbani, hapa kwetu kwenye vilima vya chai nyuma ya Kabianga, familia haimziki kabla naibu wa chifu hajaandika karatasi ile. Na naibu wa chifu wetu, kabla hajaandika chochote, aliinua kalamu, akamtazama mfiwa usoni, akauliza: "Aliacha lini kutembea?"

Tulimwita Sabchifu, hata miaka mingi baada ya kustaafu, wakati ofisini alikuwa ameshaingia kijana mwingine. Jina lake sitaliandika. Watoto wake wapo, na wengine bado wana kinyongo naye kwa yale mambo ya kawaida ambayo watoto huwawekea baba zao kinyongo.

Mara ya kwanza kulisikia swali lile nilikuwa darasa la saba. Nyanya yangu alikuwa amefariki alfajiri. Sabchifu alifika kwa miguu, suruali imelowa umande hadi magotini, akakataa kiti alicholetewa, akaweka fomu juu ya mfuniko wa tangi la maji na kuandika akiwa amesimama.

"Aliacha lini kutembea?" akamuuliza mama.

"Si aliacha leo akifa," mama akajibu.

"Hapana, Mama Chepkoech. Nauliza ya kabla. Aliacha lini kupeleka maziwa mwenyewe? Aliacha lini kwenda kanisa?"

Mama akafikiri. "Ile mvua ya mwaka jana. Njia ilikuwa inateleza, tukamwambia akae tu, tutamfanyia kila kitu."

"Mvua ya mwaka jana," Sabchifu akasema polepole, kama mtu aliyepewa tarehe aliyokuwa akiitafuta. Kisha kwenye fomu akaandika "presha", kwa sababu serikali haina nafasi ya kuandika mvua.

Mama alimchukia kwa muda mrefu baada ya siku hiyo. "Ananiuliza kama polisi," alisema jikoni. "Kana kwamba mimi ndiye nilimuua mama mkwe wangu kwa kumchotea maji."

Mimi sikumchukia. Niliogopa. Kuanzia siku ile, nikiona mzee yeyote amekaa barazani kwake, nilianza kuhesabu kichwani: huyu ameacha lini? Nina tabia hiyo ya kuchukua neno moja na kulitafuna hadi linitoe damu. Sikwenda chuo. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama vidole vya wengine, na sasa nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha karibu na chuo kikuu, nikipanga barua na kazi za wanafunzi. Mwanafunzi akiondoka na karatasi yenye koma mbaya niliyoiona nimechelewa, naweza kumfuata hadi barabarani. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba woga ninaousimulia hapa uliletwa na Sabchifu. Yeye aliupa tu mahali pa kukaa.

Alikuwa mrefu, mkavu, na miguu yake ilitangulia mbele kidogo ya mwili, hivi kwamba ukimwona kwa mbali kwenye kona ya chai uliona viatu kwanza, kisha yeye. Viatu vyenyewe vilikuwa vile vya mpira vyeusi. Mabaraza yake yote yalikuwa ya kusimama. Wazee walilalamika wakachoka. "Mkikaa mtaanza kuongea," alisema, na kweli mikutano yake iliisha kabla jua halijawa kali.

Boda boda hakupanda kabisa. Mama Njeri, mwenye duka pale njia panda, ambaye familia yake ilihamia hapa kutoka upande wa Kipkelion, alikuwa na mchezo wa kumchokoza kila akipita.

"Sabchifu, nikuitie nduthi? Mvua hiyo inakuja."

"Niitie wewe mwenyewe unibebe."

"Mimi nikubebe? Na mgongo wangu huu?"

"Mgongo umeharibiwa na hicho kistuli. Toka nje, zunguka hilo duka lako mara mbili."

"Nikizunguka, nani atauza sukari?"

"Wezi watauza," alisema, akaenda zake, na Mama Njeri alibaki akicheka na kujipigapiga kiuno.

Kuna hadithi kwamba aliwahi kwenda Sotik kwa miguu kwa arusi ya binti wa rafiki yake. Aliondoka asubuhi sana, akakataa lifti mbili, akafika keki imekatwa na kuliwa na bwana arusi ameshavua koti. Nilimuuliza kama ni kweli. Akasema si kweli, alikataa lifti tatu.

Lakini wale vijana wanaokimbia barabarani na mavazi ya mazoezi hakuwapenda hata kidogo. "Angalia huyo," aliniambia siku moja. "Anakimbia, anageuka, anarudi pale pale alitoka. Hata hajamsalimia mtu." Kwake kutembea ambako hakukufikishi kwa mtu hakukuwa kutembea. Mimi nilikuwa nimesoma mengi kwenye simu kuhusu moyo na mapafu, nikataka kumweleza kwamba kukimbia kuna faida. Akanisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akauliza: "Na huyo aliyeandika hayo, alikuwa amekaa?"

Sitaki aonekane mtakatifu. Nyumbani kwake mtu huyo hakuinuka kuchukua hata kikombe. Aliyevuka vilima vitatu kumsalimia mgonjwa alikuwa akiita kutoka barazani aletewe ndara zilizokuwa umbali wa mkono. Alitia sukari vijiko vinne kwenye chai, na chai aliinywa ikiwa bado inachemka, mara tu ikimiminwa kutoka kwenye sufuria, akisema chai iliyopoa ni maji ya kuoshea miguu. Hospitali aliiogopa kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliandika sababu za vifo vya watu miaka yote hiyo, na hakuwahi kupima presha yake mwenyewe. "Nikipima nitajua," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Na mkewe. Nitafika kwa mkewe.

Kwanza lazima niseme nilichomfanyia mama yangu, kwa sababu bila hilo nisingekuwa na haja ya kumkumbuka Sabchifu kwa kirefu namna hii.

Mama alichuma chai ya kampuni tangu kabla sijazaliwa. Kikapu mgongoni, mikono miwili inakwenda kama ya mtu anayefuma, mistari ya chai kupanda na kushuka, tangu ukungu hadi mizani ya jioni. Mashine za kuchuma zilipoongezeka, wachumaji wakapunguzwa, naye akawa miongoni mwa waliorudi nyumbani. Alirudi na magoti yanayolia na vidole visivyonyooka. Nikasema moyoni: sasa zamu yangu.

Kwetu mtu akimaliza kazi anafanyiwa maombi ya shukrani, na watoto wanamletea kiti. Si kiti cha kawaida. Ni kile kikubwa cha sponji, chenye mikono minene, kinachofunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa, na mzee anakalishwa juu yake mbele ya watu wote huku akina mama wakiimba. Nilimnunulia mama kiti cha rangi ya maziwa ya chai. Nilikichagua kwa siku tatu. Nilikikalia, nikakibonyeza, nikapima urefu wa mgongo wake kwa utepe wa fundi ili kichwa kisining'inie. Mchungaji aliomba, akasema, "Bwana, mpe mama yetu mapumziko," na wote tukaitikia amina.

Wote isipokuwa Sabchifu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa hema. Neno lile hakulipenda. Katika kazi yake alilisikia kila wiki: amepumzika, tumempumzisha, apumzike kwa amani. Alisema hajui ni nani aliyewafundisha watu kutumia neno moja kwa anayestaafu na kwa anayezikwa, ila huyo mtu alikuwa mkweli bila kujua.

Alipokuja kumpa mama mkono, alikibonyeza kiti kwa kidole.

"Hii ina godoro kushinda kitanda yangu," akasema. "Mama Chepkoech, usiikalie sana. Itakuzoea."

Watu wakacheka. Mama akacheka pia. Mimi nilicheka kwa adabu, na ndani nilikasirika kama paka.

Kisha nikaendelea na mapenzi yangu. Nilimtafutia msichana wa kuchota maji. Nikapanga na mtu wa boda boda awe anabeba chai yetu kidogo kuipeleka kwenye kituo cha kununulia. Maziwa yakawa yanachukuliwa langoni. Nilimwekea choo karibu na nyumba. Nilimpa televisheni. Kila nilipoona mama anafanya safari, niliikata hiyo safari kama mtu anayepogoa mti, nikajisifu. "Kaa tu, mama," nilisema kila asubuhi nikienda kazini. Kaa tu. Mwaka haukuisha, akawa na presha, kisha sukari. Miguu yake ilianza kuvimba jioni. Alipoinuka kutoka kwenye kile kiti alishika mikono yote miwili ya kiti na kupiga hesabu kwanza, kama mtu anayevuka mto.

Siku moja kazini, nikimsubiri mwanafunzi asome kazi yake kabla sijachapisha, nilisoma kwenye skrini yake kile ambacho nilikuwa nimekisikia juu ya mfuniko wa tangi. Kwamba watu wasiosogea hufa mapema kuliko wanaosogea. Kwamba kinachowaua mara nyingi ni moyo, kiharusi, sukari, hata baadhi ya saratani. Kwamba aliyezoea kazi ya mwili akaacha ghafla, mwili unashtuka. Ilikuwa kazi ya darasani tu, imejaa makosa ya herufi. Niliyasahihisha yote, kisha nikarudi mwanzo nikayapitia tena, na tena. Mwanafunzi akaniuliza kama naumwa.

Kutoka hapo nikawa mtu wa kumsumbua. Nilitengeneza jedwali: siku upande huu, hatua upande ule, kisanduku cha asubuhi, kisanduku cha jioni. Nilichapisha upya mara tano kwa sababu mistari haikulingana. Nikalitia plastiki, nikalibandika ukutani mbele ya kiti. Nikamwekea kwenye simu yake kile kihesabio cha hatua na kumwambia azunguke boma kila asubuhi, simu ikiwa mfukoni.

Wiki mbili visanduku vilijaa vizuri. Nililala kwa amani. Kisha nikarudi nyumbani mchana siku ambayo umeme ulikatika kazini, nikamkuta mama kwenye kiti, miguu juu ya stuli, ameshika simu kwa mikono miwili na kuitikisa kwenda mbele na nyuma, kama anavyotikisa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha.

"Mama!"

"Nini?" Hakuacha hata kutikisa. "Si ulisema unataka hesabu? Hesabu ndiyo hiyo."

"Hesabu ni ya kutembea!"

"Nitembee niende wapi, Chepkoech? Nizunguke choo? Ng'ombe wananitazama, majirani wananitazama. Jana Mama Njeri alipita akauliza kama nimepoteza kitu." Akaiweka simu chini. "Nimetembea miaka yangu yote, mwanangu. Mguu huu umepanda mlima kushinda gari. Ulininunulia kiti mbele ya kanisa yote, ukaniambia nikae. Nimekaa. Sasa unalia kwa nini?"

Nilikuwa nalia, ni kweli.

Baada ya hapo nilianza kuogopa mlango wa nyumbani. Nikifika langoni nilisimama kwanza nisikie televisheni, kisha nisikie kikohozi chake juu ya televisheni. Nisipokisikia, nilimwita kwa sauti palepale kwenye nyasi. Nilikuwa na hakika, hakika ya mtu mwenye wasiwasi, ambayo haina dawa, kwamba siku moja nitamkuta kwenye kiti nilichokipima kwa utepe, na kwamba kijana wa ofisini atakuja na fomu, na mimi nitalijua jibu la swali asilolijua.

Ndipo nilimfuata Sabchifu. Nilimkuta kwenye njia ya mtoni, nikatembea naye kwa sababu hakuwa mtu wa kusimamishwa, nikamwambia yote: kiti, jedwali, simu inayotikiswa kama kibuyu. Nilitarajia anikaripie, au aseme, "Nilikuambia."

Tukavuka daraja. Kisha akasema, "Lakwet," yaani mtoto, ndivyo alivyoniita kila mara, "wewe unafikiri mimi nasema watu wasipumzike?"

"Si ndivyo unavyosema?"

"Mama ya watoto wangu." Hakumtaja mkewe kwa jina lolote jingine. "Unamkumbuka?"

Nilimkumbuka kidogo: mwanamke mfupi, kila mara chini ya mzigo. Kuni, maji, majani ya chai, mtoto wa mtu.

"Nikiwa nazunguka na fomu zangu, nikiwafundisha watu kutembea, yeye alikuwa shamba ya juu, anachuma, anabeba. Alianguka huko huko, kikapu mgongoni. Hata nywele hazikuwa nyeupe. Ningeita mwenzangu wa ule upande mwingine aandike karatasi. Nikasema hapana, nitaandika mimi. Wakamteremsha nyumbani, nikafika na ile swali yangu." Akaangalia viatu vyake vikienda. "Aliacha lini kutembea? Hakuacha. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Hakuacha hata siku moja."

"Ukaandika nini?"

"Nikaandika moyo. Ilikuwa ni kweli kiasi."

Tulitembea kipande kirefu. Nilikuwa nimekuja kutafuta kanuni, na mwenye kanuni alikuwa akiivunja mbele yangu. Nikamuuliza, karibu kwa hasira, basi mtu afanye nini: akikaa anakufa, akifanya kazi anakufa.

"Kuna kutembea na kuna kubebeshwa," akasema. "Mama yako alibebeshwa. Wewe ukamtua mzigo, hiyo si makosa. Lakini ulipotua mzigo, ukaondoa na njia." Alisema "ukaontoa", kwa ile sauti yetu ya kulegeza na kukaza herufi pasipotakiwa, na mimi ninayesahihisha kila mtu sikutaka kuisahihisha.

"Nimrudishie vipi?"

"Sijui," akasema. Ndilo jibu lililoniogopesha kuliko yote aliyowahi kunipa.

Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaanza kukabwa na chakula. Ugali kwanza, kisha mkate, kisha hata viazi. Alificha kwa miezi, kwa sababu ya ile hofu yake ya hospitali. Watoto walipompeleka kwa nguvu, daktari aliona saratani ya koo, imekaa sana. Alimuuliza kama hunywa chai ya moto mno. Sabchifu alituambia hivi huku akicheka bila sauti: "Miguu iko sawa. Daktari ameshangaa na miguu. Ni mlango wa juu umekataa."

Nilipomwona amekondeana hivyo, nilihisi kudhulumiwa, hata leo naona aibu kusema. Nilikuwa nimemweka kichwani kama dhamana. Kama yeye, aliyetembea hadi Sotik, aweza kuchukuliwa, basi jedwali langu ni la nini?

Mwili ulipomwishia, watu walipunguza kumtembelea. Wengine walisema hawajui wamwambie nini. Nadhani waliogopa kwamba atawauliza lile swali. Siku moja akanituma kwa mama: aje amwone. Nikasema nitamwitia boda boda.

"Asibebwe," akanong'ona. "Kama atabebwa, asikuje."

Nilidhani mama atakataa. Kutoka kwetu hadi kwake ni kushuka bonde moja na kupanda kilima kimoja. Mama alisikiliza ujumbe, akazima televisheni, akauliza: "Anaweza kumeza nini?" Nikasema uji mwepesi. Akashika mikono ya kiti, akainuka, akaenda kupika uji. Kesho yake tukaenda. Tulichukua muda mrefu hata sitaki kusema.

Mama alipokaa kando ya kitanda, Sabchifu hakumuuliza habari ya mwili. Aliuliza, "Umepitia wapi?"

"Njia ya kawaida, ya mtoni."

"Umeona nini?"

Mama akamwambia: daraja limeng'olewa ubao mmoja, kuna mtu amepanda miti ya matunda mahali palipokuwa na chai, ng'ombe wa nani amezaa pacha. Sabchifu alifumba macho akasikiliza kama mtu anayekula. Mama alipomaliza, Sabchifu akasema, "Kesho pitia upande wa kanisa. Uniambie kama wamemaliza ukuta."

Ikawa hivyo. Kila safari alimpa njia nyingine. Upande wa kanisa, upande wa shule, kwa Mama Njeri aone kama amenenepa. Mama alimlalamikia kila siku na kila siku alikwenda, kwa sababu mgonjwa hanyimwi. Jedwali lilibaki ukutani na visanduku vitupu. Niliogopa kwamba nikilitaja, jambo hilo litajishtukia na kukoma.

Sabchifu alifariki miezi michache baadaye, nyumbani, kama alivyotaka. Kijana wa ofisini aliandika saratani ya koo. Hakuuliza kingine, na hakukosea. Mama bado ana presha, bado anameza dawa zake, na mimi bado nasimama langoni nikisikiliza. Sina ushindi wa kumwonyesha mtu.

Lakini siku ninayoirudia ni ile, kama wiki mbili kabla hajafa, alipomtuma mama shamba la juu. Ndilo lile alipoangukia mkewe. Hakuna aliyelichuma tangu wakati huo.

"Nenda uniangalilie," alisema. Ilibidi tusogeze masikio.

Kile si kilima cha mgonjwa wa presha. Nilipinga. Mama alikuwa ameshaanza kupanda. Nilimfuata nyuma, namba ya mtu wa boda boda ikiwa tayari kwenye simu, nikisikiliza pumzi zake kama fundi anayesikiliza injini. Alisimama. Akashika kiuno, akatazama bonde, akaendelea. Akasimama tena. Mara ya tatu alisimama muda mrefu, jasho likimshuka shingoni, na mimi nikaona kila kitu: nitamwita nani, nitamlaza wapi, nitawaambiaje ndugu zangu. Kisha akasema, "Angalia, unaona hadi kwa kampuni," na akapanda kipande kilichobaki.

Chai ilikuwa imekuwa miti. Imetuzidi urefu, ina maua meupe, na ndani yake kuna ndege. Mama alisimama chini yake akalivuta tawi moja, akachuma majani mawili na chipukizi, akayanusa, akayatia mfukoni.

Tulimkuta Sabchifu ameletwa nje kwenye jua, shuka limemfunika hadi kidevuni. Mama akampa yale majani. Akamwambia kuhusu miti, maua, ndege.

"Ulisimama mara ngapi?" akauliza.

"Mara tatu."

Akayageuzageuza yale majani kwenye vidole. "Yeye alikuwa anasimama mara moja," akasema. "Na kikapu mgongoni. Nilikuwa namwona kutoka hapa chini. Nikafikiri ni nguvu."

Mama akamwekea mkono juu ya shuka. Kisha, kwa sauti ile ya kuchokoza ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu alipoacha chai, akauliza, "Na wewe, mzee wa kutembea, ulikuwa unasimama mara ngapi?"

"Mimi?" Mabega yake yakatikisika chini ya shuka, alikuwa anacheka. "Mimi sikuwahi kupanda huko. Mimi nilikuwa napitia huku barabarani."

Mama alicheka hadi akakohoa, akajifuta machozi kwa leso, akamwita mwongo, akamwita mvivu, akasema angejua angewaambia watu wa baraza lote. Naye alifurahi kutukanwa. Nilitaka kuuliza kama mara tatu ni nyingi au ni chache kwa mtu wa umri wake. Nilikuwa hata nimefungua mdomo. Mama akasema mvua inakuja, akaaga, akaanza kushuka.

Ule mteremko una mawe yaliyolegea, na hapo juu ya mto unateleza vibaya. Nilitaka kumshika mkono. Nikatia mikono yangu mfukoni, nikamwacha atangulie.